Polandi na Majirani Zake Baada ya 1989

Waandishi wengi waelezapo kuanguka kwa ukomunisti katika Ulaya ya Mashariki hutazama zaidi mambo ya ndani: uchaguzi, vyama, bei za vyakula. Katika makala hii fupi twapenda kutazama mipaka, kwani utawala mpya huwafikia majirani pia, nao huupokea kwa furaha au kwa hofu.

Tarehe 4 Juni 1989 Wapolandi walipiga kura, na mwezi wa Septemba serikali ya Tadeusz Mazowiecki ikaanza kazi. Waziri wake wa mambo ya nje, Krzysztof Skubiszewski, alikuwa mwalimu wa sheria za kimataifa. Alikuta tatizo zito. Ujerumani mbili zilielekea kuungana, na Kansela Helmut Kohl, katika mpango wake wa nukta kumi wa Novemba 1989, hakutaja hata kidogo mpaka wa mito Oder na Neisse. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kushangaza: serikali iliyozaliwa katika kuupinga utawala wa Moscow haikufanya haraka kuyaondoa majeshi ya Kisovieti nchini mwake. Yalikuwa kinga, iwapo mpaka ule ungetiwa mashaka. Mkataba wa mpaka ulitiwa sahihi mjini Warsaw tarehe 14 Novemba 1990. Ule wa ujirani mwema (na jina hilo lenyewe lilipimwa) ukafuata Juni 1991. Wanajeshi wa mwisho wa Urusi waliondoka Septemba 1993.

Upande wa mashariki Polandi ndiyo iliyokuwa imepoteza ardhi, pamoja na miji ya Vilnius na Lviv. Jerzy Giedroyc, mhariri wa jarida *Kultura* huko Ufaransa, na mwenzake Juliusz Mieroszewski, walikuwa wamewahimiza Wapolandi kwa miaka mingi waikubali hasara hiyo, ili Ukraini, Lituania na Belarusi ziwe huru. Wengi waliokuwa uhamishoni walichukizwa. Lakini tarehe 2 Desemba 1991, siku moja tu baada ya kura ya maoni ya Waukraini, Polandi iliutambua uhuru wao. Na Lituania mkataba ulichelewa hadi Aprili 1994, maana kutekwa kwa Vilnius mwaka 1920 hakukuwa kumesahauliwa.

Kwa hiyo hatuafikiani na wasemao kwamba kura huleta amani yenyewe. Jamhuri zote sita za Yugoslavia zilifanya uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1990. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Sisi Wakongomani, wenye majirani tisa, hatuna budi kuuliza tofauti ilikuwa wapi. Kuacha madai ya ardhi kulisaidia, bila shaka. Lakini Wapolandi wengi wa Lviv walikuwa wamekwisha kuhamishwa kati ya 1944 na 1946, na ni rahisi zaidi kuuachilia mji ambao watu wako hawamo tena. Katika Bosnia walikuwa wangali wakiishi mtaa mmoja.