Picha moja haitoshi: Namna ya kupiga picha za mafuriko Katubuka

Bonde la Katubuka, Manispaa ya Kigoma Ujiji, si geni kwa maji. Mvua zikizidi, maji hutuama bondeni na yamewahi kuzingira nyumba za watu. Simu inatoka mfukoni, picha inapigwa fasta, inatupiwa kwenye grupu la WhatsApp.

Shida ni kwamba picha hiyo huonyesha maji tu. Haisemi yameenea wapi, yana kina gani wala yameharibu nini. Mpangilio wa picha, yaani kuamua nini kiingie na nini kibaki nje, ndio unaojibu maswali hayo.

Anza mbali
Simama sehemu iliyoinuka. Washa gridi ya kamera, ile mistari inayogawa kioo visehemu tisa. Ukingo wa mbali wa maji uweke kwenye mstari wa juu, ili picha ijae maji na nyumba, siyo mawingu.

Sogea kidogo
Tafuta kitu ambacho kila mtu anajua urefu wake: mlango, dirisha au nguzo ya umeme. Shika simu wima bila kuiinamisha. Hapo kina kinaonekana bila maelezo.

Malizia karibu
Alama ya tope ukutani, godoro lililoloa, daftari la mwanafunzi. Usivute picha kwa vidole, ubora hupungua. Sogea kwa miguu. Ila usiingie majini, mashimo hayaonekani. Omba ruhusa kwanza, maana huo ni msiba wa mtu.

Angalia jua
Jioni jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Ukilielekea, nyumba zitatoka nyeusi. Lipe mgongo.

Rudi tena
Kesho yake piga palepale, kwa urefu uleule na saa ileile. Picha mbili zikikaa pamoja zinaonyesha kama maji yanapanda au yanashuka. Wanasayansi hutumia njia hiyohiyo kufuatilia barafu ya milimani.

Mwisho, usifute picha halisi. WhatsApp hubana picha na kuondoa taarifa za tarehe na mahali zilizomo ndani yake. Siku ya tathmini ya hasara, iliyobaki kwenye simu yako ndiyo yenye nguvu.