Chanda Chema na Filimbi: Historia Fupi ya Tuzo Katika Ndoa

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii hatuikosi katika sherehe za harusi na mahafali, nayo imebeba nadharia kamili ya tabia: jema likituzwa, hurudiwa. Katika makala haya naeleza jinsi wazo hilo lilivyosafiri kutoka maabara za Marekani hadi mabwawa ya pomboo, kisha likabisha hodi katika nyumba za wanandoa. Baada ya hapo nitauliza swali ambalo kwangu ni la kisiasa: nani anashika filimbi?

Mwaka 1898 Edward Thorndike alichapisha utafiti wake kuhusu paka aliowafungia katika visanduku vyenye komeo. Paka alihangaika hadi akaligusa komeo kwa bahati, akatoka, akala. Kila aliporudishwa ndani, alizidi kutoka upesi. Thorndike akahitimisha kwamba tendo linaloleta faraja hujikita. Mwaka 1938 B. F. Skinner aliipanua hoja hiyo kwa majaribio ya panya. Wanafunzi wake, Keller na Marian Breland, ambao walikuwa mume na mke, wakaigeuza kuwa biashara ya kufunza wanyama. Katika miaka ya 1960, huko Hawaii, Karen Pryor aliitumia kwa pomboo. Pomboo hafungwi hatamu wala hachapwi; ukimuudhi, anaogelea zake. Mwalimu hana budi kuwa na filimbi, samaki na subira.

Mbinu hiyo si ngeni kwetu. Mjini Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Hakuna kiboko.

Kuingia kwa mbinu hii katika ndoa kulianza kitaalamu. Mwaka 1969 Richard Stuart alieleza kazi yake na wanandoa wanne waliokuwa ukingoni mwa talaka. Wake walilalamika kuwa waume hawazungumzi nao. Stuart akawaelekeza wawape waume vidoti kila walipozungumza, navyo vibadilishwe kwa mapenzi ya kimwili. Mazungumzo yaliongezeka. Lakini mapenzi yakawa ujira, na mwili wa mke ukawa ndio hazina ya kulipia.

Mwaka 2006 mwandishi Amy Sutherland aliifikisha hoja hii kwa umma kupitia gazeti la New York Times. Alikuwa amewachunguza wafunza wanyama huko California, akaamua kumjaribia mumewe. Aliona korongo taji wakifundishwa kutua juu ya mikeka ili wasimtue mwalimu kichwani. Naye, mumewe alipomsonga jikoni, akampa jibini ya kukwangua mbali na jiko. Nguo chafu ikitiwa kapuni, alishukuru. Ikiachwa sakafuni, alinyamaza. Mwisho wa simulizi ndio unaonivutia zaidi: mumewe alijifunza mbinu ile ile, na siku moja mke alipolalamikia nyaya za kunyooshea meno, mume akanyamaza kimya.

Wanafunzi wangu huuliza kama hili si kumdhalilisha binadamu. Jibu langu lina pande mbili.

Kwanza, tusidharau kilichoachwa nyuma. Historia hii ni historia ya kuweka kiboko chini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Hata hivyo, wako bado wanaoita kipigo "kumfundisha mke". Ikiwa hata panya buku hufundishika bila kuchapwa, hoja hiyo inabaki bila mguu wa kusimamia.

Pili, lugha yetu hutenganisha kufunda na kufuga. Anayefundwa huambiwa anachofundwa na sababu yake. Anayefugwa hupangiwa tu. Tuzo inayotolewa kwa siri, na mtu mmoja daima, ni ufugaji hata ikiwa tamu. Wataalamu wenyewe waliona upungufu huo. Katika miaka ya 1990 Neil Jacobson na Andrew Christensen, waliotoka katika mkondo huo huo wa kitabia, walianza kuwafunza wanandoa pia kukubaliana na yale yasiyobadilika, kwa sababu kubadilishana tabia peke yake hakukutosha.

Hapa ndipo ninapowageukia maofisa ustawi wa jamii na wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Mbinu ya kupuuza baya na kutuza jema inafaa kwa soksi zilizoachwa sakafuni. Haifai kwa ngumi. Mwanamke aliyepigwa akishauriwa anyamaze, apike vizuri na kumsifu mumewe siku anapokuwa mpole, amepewa mzigo wa kumrekebisha mkosaji, na ukimya wake utasomwa kuwa ruhusa. Pomboo akiudhiwa huogelea zake. Mke asiye na ardhi wala kipato hana pa kuogelea. Kwa huyo, kazi ya baraza na ofisi ya umma ni kumfungulia njia ya kutoka na kumfikishia sheria.

Kwa wengine wote, shukrani kwa jambo dogo lililotendwa leo haina gharama. Sharti lake ni moja: kila mmoja ajue filimbi ipo, na ishikwe kwa zamu.