Fedha Ndani ya Simu

Fungueni madaftari.

Zamani mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilaya ya Karatu, akitaka kumpelekea mama yake fedha, alimpa dereva wa basi bahasha, kisha akangoja kwa wasiwasi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Je, watu waliipokea kwa sababu ni kitu kipya? Sivyo. Benki ilikuwa mbali, lakini wakala alikuwa dukani, tena jirani wanayemjua. Mama naye alipiga simu saa ile ile: "Zimefika." Na mfugaji wa Ngorongoro aliyeuza ng'ombe mnadani hakulazimika tena kupita porini na noti kibindoni.

Lakini Julai 2021 serikali ilipoweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha, baadhi walirudia bahasha. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Sasa andikeni: wakala, tozo, bahasha.