Unawakumbuka Tattuu wa 'Teso'? Mmoja wao alikuja kudai chenji za wasanii

Kama ulikuwa Arusha katikati ya miaka ya 2000, ukigombania vifodi vya Sakina na Ngaramtoni, unajua mji haukuwa unaishi kwa ngoma za Dar peke yake. Nyumbani kulikuwa na X Plastaz na Nako 2 Nako, na Nairobi nayo ni hapo tu, ukivuka Namanga umefika.

Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa ya wanaume. Nameless, Nonini, Jua Cali, na E-Sir ambaye alishatangulia mbele ya haki mwaka 2003. Katikati ya vidume hao wakaibuka Tattuu: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila. Kina Angela wawili na Debbie mmoja, basi wakawa tatu. Wakatoa 'Teso', ngoma nyepesi, ya utani, ya kuchezeka, na ikabamba.

Wakati huohuo shindano la Coca-Cola Popstars la 2004 lilikuwa limetuletea Wakilisha wa Witness, Shaa na marehemu Langa, Kenya wakapata Sema, na Uganda Blu 3, mabinti watupu. Tattuu hawakutoka huko. Ila yaliyowakuta wenzao yaliwakuta na wao: kundi halikudumu. Wimbo ndio umebaki, kila mtu akikumbushia zilipendwa za Kenya lazima autaje.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Ngoma ikipigwa baa au kwenye matatu, kuna watu watatu wa kulipwa: aliyeitunga, aliyegharamia kurekodi, na aliyeiimba. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika kirahisi. Sauti ni yake, sura kwenye video ni yake, watu mtaani wanamwita kwa jina la wimbo, halafu mfukoni hana kitu. Kundi likivunjika ndiyo kabisa, nani atakwenda kudai?

Kenya kila mmoja alikuwa na chama chake. Watunzi walikuwa na MCSK, wenye rekodi KAMP, waimbaji na waigizaji PRISK. (Huku kwetu ukitaja hakimiliki watu wanawaza COSOTA tu, na mwenye baa akiwaona anakunja uso.) Na aliyekuja kuwa mtendaji mkuu wa PRISK ni mwanasheria Angela Ndambuki. Binti aliyesimama mbele ya kipaza sauti akawa ndiye anayebisha hodi kudai hela za waliosimama hapo.

Baadaye akaongoza ofisi ya chama cha wafanyabiashara wa Kenya, KNCCI. Mwaka 2020 IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi muziki duniani lenye makao London, likafungua ofisi Nairobi ya kusimamia Afrika kusini mwa Sahara. Mkurugenzi wake? Angela Ndambuki. Yuleyule wa 'Teso'.