Kila Pepo na Ngoma Yake

Mwishoni mwa karne ya 19, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili habari za mila za watu wa Mrima, na mwaka 1903 maandishi yake pamoja na ya wenzake yakachapishwa Ujerumani chini ya uhariri wa Carl Velten kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Humo zimo habari za uganga wa pepo, nazo zimeandikwa kwa utulivu wa mtu aelezaye jambo analolijua: mgonjwa hupelekwa kwa mganga, ngoma hupigwa, pepo hupanda kichwani, hutaja jina lake na kudai haja yake. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akafia huko mwaka 1927. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, katika nchi hiyo hiyo, mjini Jena, daktari Hans Berger alifaulu kwa mara ya kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa. Elimu hizi mbili, ile ya kilingeni, yaani penye uwanja wa uganga, na ile ya maabara, zilikaa mbalimbali kwa miongo kadhaa. Zilipokuja kukutanishwa, zilikutanishwa vibaya. Ngoma ilichukuliwa, fundi wake, yaani mganga anayeiongoza, akaachwa. Nasema hivyo kwa sababu ushahidi wa pwani yetu, ambao ni mkongwe kuliko mashine ya Berger, unaonyesha kwamba mdundo hauuamrishi ubongo wa mtu yeyote tu. Kazi yake huifanya ndani ya mtu aliyefundwa kuupokea.

Kwanza tuitendee haki maabara. Berger alitangaza matokeo yake mwaka 1929, akaeleza wimbi lililojitokeza wazi mtu akifumba macho na kutulia, lenye mapigo kama 10 kwa sekunde, akaliita alfa. Mwaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walithibitisha kazi yake, tena wakaonyesha kwamba mwanga unaomwekamweka unaweza kuyavuta mawimbi ya ubongo yafuate kasi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Grey Walter huko Bristol aliliendeleza jambo hilo kwa taa za kumweka, na baadhi ya waliokaa mbele yake wakaeleza kuona rangi na maumbo yasiyokuwepo. Swali lililofuata halikukwepeka: kama mwanga unaweza, je, sauti? Mwaka 1961 Mmarekani Andrew Neher alitoa ripoti kwamba aliwapigia watu ngoma katika maabara kwa kasi ya mapigo 3, 4, 6 na 8 kwa sekunde, akaona umeme wa ubongo ukiitikia. Mwaka uliofuata akaandika makala mashuhuri akidai kwamba hapo ndipo penye siri ya watu kupagawa katika sherehe za ngoma duniani kote. Lazima tumshukuru kwa jambo moja. Wakati ambapo wageni wengi waliuona upungaji pepo kuwa ushenzi au wazimu, yeye alisema kuna jambo la kweli linalotokea mwilini, nalo linastahili kupimwa.

Lakini tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanywa pwani. Unguja pepo wana makabila yao. Wapo rubamba, ambao asili yao ni Pemba; wapo ruhani, Waarabu na Waislamu; wapo habeshia, Wakristo wa Uhabeshi; na wapo kibuki, ambao ni wa Bukini, yaani Madagaska, nao pia Wakristo. Orodha hiyo ni historia ya bahari yetu: kila watu waliofika au kuletwa visiwani wameacha pepo wao. Na kila kabila la pepo lina ngoma yake, nyimbo zake, nguo zake, harufu zake na vyakula vyake. Ruhani hutaka udi, ubani, marashi na maneno ya dini. Kibuki hutaka kodiani, kayamba, nyimbo za Kibuki na brandi. Ukiwapigia kibuki dufu la ruhani utachoka bure. Tanganyika nako hali haikuwa tofauti. Mwaka 1936 Hans Koritschoner alipoandika kuhusu ngoma ya sheitani katika jarida la wanaanthropolojia wa Uingereza, alikuta pepo wakitofautishwa kwa makabila na kila kundi likiwa na ngoma yake. Sasa, kama siri ingekuwa hesabu ya mapigo kwa sekunde, taabu yote hii ingekuwa ya nini? Mdundo mmoja wa kasi inayofaa ungewatosha wagonjwa wote, wa Pemba na wa Bukini, na fundi asingehitaji kujua nyimbo wala lugha. Hata vyombo vyenyewe vinakataa. Neher aliutilia mkazo mshindo wa ngoma nzito, unaobeba sauti za chini na za juu kwa pamoja, lakini kodiani ya kibuki haina mshindo huo, na pepo hupanda vilevile.

Kuna ushahidi mwingine, nao umekaa katikati ya uwanja mbele ya macho ya kila mtu. Mpiga ngoma ndiye aliye karibu zaidi na sauti, ndiye anayeisikia muda mrefu kuliko wote, na kwa kawaida si yeye anayepandwa. Gilbert Rouget, Mfaransa mtaalamu wa muziki, aliliona hili katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1980 kuhusu muziki na kupagawa, na hoja yake dhidi ya Neher ilikuwa kali: kama mdundo peke yake ungetosha, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Mtetezi wa Neher atajibu kwamba mpigaji ana kazi mikononi, na kazi hiyo humkinga. Nakubali, lakini jibu hilo linaniunga mkono mimi. Likishakubalika kwamba anachokifanya mtu akilini mwake kinaweza kuuzuia mshindo ule ule usimchukue, mshindo haubaki tena kuwa sababu ya peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linasema kwamba mwili una milango mingi: pumzi, uchovu, njaa, moshi wa ubani, joto la watu. Bagamoyo yenyewe ni mahali pazuri pa kulipima. Katika mji wa Mtoro, mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Kadiria ilistawi chini ya Sheikh Ramiya, mtu aliyefika pwani akiwa mtumwa na kufa mwaka 1931 akiwa kiongozi wa dini aliyeheshimiwa hadi mbali. Zikiri za Kadiria huenda kwa mwendo wa mwili na pumzi, na ipo ile ambayo watu wa pwani waliiita ya kukohoa, kwa jinsi pumzi inavyosukumwa kutoka kifuani kwa pamoja. Sikatai hata kidogo kwamba pumzi ya namna hiyo hubadilisha damu na kichwa. Ila mtu mmoja anaweza kuhudhuria zikiri Alhamisi na ngoma ya pepo Jumamosi, akahema na kuchoka kote kuwili, na bado zikirini asipandwe na kibuki wala kilingeni asipate hali ya zikiri. Mwili hufungua mlango. Atakayeingia haamuliwi na mwili.

Maabara nazo zimesogea. Majaribio ya Neher yalikosolewa mapema, kwa sababu kope na misuli ya kichwa ikitikisika kwa kufuata mdundo huandikwa na mashine kana kwamba ni ubongo. Jaribio linalonivutia zaidi ni la Sylvie Nozaradan na wenzake, lililochapishwa mwaka 2011. Wasikilizaji walisikia sauti moja yenye mapigo 2.4 kwa sekunde, isiyo na mkazo popote. Kisha wakaombwa waiwaze kana kwamba inakwenda mbilimbili, halafu tatutatu. Umeme wa ubongo ulifuata mapigo yaliyosikika, lakini pia ukaonyesha mapigo yaliyowazwa tu: 1.2 kwa sekunde walipowaza mbilimbili, 0.8 walipowaza tatutatu. Sauti haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jinsi msikilizaji alivyoigawa, na mgawo huo ukaonekana kichwani. Ngoma nyingi za Afrika hujengwa juu ya utata huo huo wa mbili na tatu ndani ya mapigo sita, na aliyekulia ndani yake husikia mgawo ambao mgeni haupati hata akikaa karibu na chapuo usiku kucha.

Kuna matokeo yasiyokaa vizuri na hoja yangu, nayo nisiyafiche. Tangu miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake wameonyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi na wa ugonjwa wa Parkinson hutembea vizuri zaidi wakisikilizishwa mdundo ulio sawa. Hapa hapana jina la pepo wala wimbo wa asili. Mdundo unaigusa miguu moja kwa moja. Basi nakiri kwamba mdundo una nguvu yake mwenyewe juu ya mwili, na hasa juu ya kupanga muda wa mwendo. Lakini kutoka hatua iliyonyooka hadi mtu kunena kwa sauti ya mwana wa mfalme wa Bukini ni safari ndefu, na mdundo peke yake hauimalizi. Wanaouza siku hizi sauti za masikio mawili, yaani kila sikio likipewa sauti iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake ili ubongo usikie mdundo, zinazotegemea jambo lililogunduliwa na Heinrich Dove katika karne ya 19, huahidi safari nzima kwa nauli ya hatua moja.

Na kama ni mambo ya kufundwa, wengine watasema, basi ni maigizo. Hapo sikubali kabisa. Aliyejifunza Kiswahili hawezi kuyasikia maneno ya Kiswahili kama kelele tupu, hata akijitahidi. Maana humfikia bila ruhusa yake. Kufundwa kulimjengea sikio ambalo sasa halitii amri yake. Mwele, yaani mgonjwa wa pepo, aliyekalishwa kilingeni, akafukizwa, akajua nyimbo na tabia za pepo wa mama yake na bibi yake, naye amejengewa sikio la namna hiyo, na machozi na kutetemeka kwake ni vya kweli.

Vipimo vya umeme wa ubongo sasa hubebeka, havihitaji tena chumba cha hospitali, kwa hiyo jambo hili linaweza kujaribiwa mahali pake, kwa idhini ya wenyewe na fundi akiwa mshauri wa utafiti. Wachukuliwe watu watatu: kiti cha kibuki, yaani mtu apandwaye na pepo huyo, kiti cha rubamba, na mtu asiye na pepo. Wapigiwe ngoma zote mbili kwa kasi moja, na mitikisiko ya kichwa iondolewe katika hesabu. Neher akiwa sahihi, michoro mitatu itafanana. Mafundi wakiwa sahihi, kila kiti kitaachana na wenzake pale tu ngoma yake itakapoanza, na kwa yule wa kibuki badiliko litaonekana tangu sauti za kwanza za kodiani, kabla mdundo haujapata nafasi ya kuvuta chochote.