Luteni Dartnell, shujaa wa Maktau aliyezikwa Voi

MIONGONI mwa makaburi ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia yaliyoko Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta, limo la Luteni Wilbur Taylor Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia. Aliuawa karibu na Maktau mnamo Septemba 3, 1915, akiwa na umri wa miaka 30, na baada ya kifo chake akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza.

Ili kufahamu kilichomfikisha Mwaustralia huyo katika nyika ya Taita, ni sharti turejee Agosti 1914. Siku chache baada ya vita kuzuka Ulaya, Wajerumani walivuka mpaka na kuutwaa mji wa Taveta, ambao wangeushikilia hadi Machi 1916. Kutoka huko, vikundi vyao vidogo vilipenya nyikani vikiwa na baruti ili kuilipua reli ya Uganda, uti wa mgongo wa utawala wa Waingereza.

Mwaka 1915 Waingereza nao walianza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea magharibi, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imefika Maktau. Nchi hiyo ni kame, hivyo maji ya kambi yaliletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura. Mnamo Julai 14 walijaribu kuwafurusha Wajerumani kutoka Mbuyuni, wakashindwa.

Dartnell alitumikia Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha watu wa kila namna, wakiwemo wawindaji na wakongwe wa vita vya awali. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, alijiunga nacho akiwa amepita umri wa miaka 60.

Siku hiyo ya Septemba, askari wapanda farasi walitoka kambini Maktau kwenda kuwavizia Wajerumani waliokuwa wakiihujumu reli mpya. Kumbe wao ndio walioviziwa. Adui aliwakaribia hadi umbali wa hatua chache tu, ikawa haiwezekani kuwaondoa majeruhi waliokuwa na hali mbaya zaidi. Dartnell, ambaye alikuwa amejeruhiwa mguuni, tayari alikuwa akibebwa kupelekwa mahali pa usalama. Alipoona hali ilivyo, alishikilia aachwe nyuma pamoja na wenzake, akitumaini kwamba angeweza kuyaokoa maisha yao. Hapo ndipo alipouawa.

Tangazo la nishani yake, lililotolewa Desemba 1915, linasema alijua kwamba askari weusi wa Wajerumani walikuwa wakiwaua majeruhi. Dai hilo yafaa lisomwe kwa hadhari. Liliandikwa na upande mmoja, tena vita vikiendelea, na Waingereza wenyewe walikuwa na askari weusi wa King's African Rifles katika vita hivyo hivyo. Ushujaa wa Dartnell wasimama wenyewe bila ya kuegemezwa juu ya lawama hiyo.

Wenyeji hawakusalimika. Mwaka huo huo, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi waliangamia kwa maradhi.

Halafu kuna wapagazi, walioyabeba mahitaji ya jeshi vichwani na mabegani, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi kubainisha kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.