Mbwa wa Amboni

Hadithi ya mapango ya Amboni niliisikia hapa hapa Buhare, upande wa pili wa nchi kutoka Tanga. Mjomba wangu, aliyewahi kukata mkonge huko, aliisimulia kila Krismasi: Wazungu waliingia pangoni na mbwa wao, wao hawakuonekana tena, mbwa akaja kutokea Kilimanjaro. Njia nyingine eti inafika Mombasa. Tuliamini. Nani angeingia kupinga?

Kumbe watu waliingia. Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipima mapango kumi ya Amboni, na refu kuliko yote likawa na kama mita 900. Kilimanjaro iko karibu kilomita 300.

Nilitaka kujua mtu anapimaje giza. Wapimaji huenda kituo kwa kituo, na kila hatua wanaandika mambo matatu: urefu kwa tepu, uelekeo kwa dira, na mwinamo. Mita 10 zinazopanda kwa nyuzi 30 zinakusogeza mbele mita 8.66 tu, na kukupandisha mita 5. Zamani hesabu hizo zilipigwa kwa mkono, mamia kwa mamia, kisha mtu akachora.

Shida yenyewe iko kwenye kurudi. Ukizunguka pangoni mpaka kwenye jiwe ulipoanzia, hesabu zinapaswa kukurudisha pale pale. Hazikurudishi. Ndipo programu zinaposaidia. Survex, waliyoiandika Olly Betts na Wookey, watu wa klabu ya mapango ya Chuo Kikuu cha Cambridge, inalisambaza kosa dogo kwenye mzunguko mzima, na kukuonyesha mzunguko wenye kosa kubwa mno. Baadaye Waslovakia wawili, Martin Budaj na Stacho Mudrák, wakaleta Therion, inayochora ramani kamili juu ya mistari hiyo. Zote ni za bure. Ukirekebisha kipimo kimoja, ramani nzima inajichora upya.

Basi nikazipakua. Buhare hatuna pango la chokaa, tuna mawe, makubwa kwa madogo, yaliyobebana. Katikati yake kuna uwazi tuliokuwa tukijificha utotoni. Nikapima na binamu yangu, vituo saba. Kompyuta ikasema nimerudi mita mbili kutoka nilipoanzia. Nikadhani programu mbovu. Kumbe simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inavuta sindano ya dira! Tukarudia.

Krismasi iliyopita nikamwonyesha mjomba ramani, kisha nikamwambia habari ya zile mita 900. Wajukuu walikuwa wamekaa wanasubiri mbwa. Mzee akanyamaza muda mrefu, nami nikajuta. Pale Amboni watu bado wanaingia kuomba mizimu, na Tanga wanasimulia Osale Otango alivyojificha humo miaka ya 1950. Hayo hayana mita.

Mwisho akauliza, "Hao wapimaji walipita watu wazima?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mbwa anapita padogo."

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ni kweli: mstari wa mpimaji unaishia mabega yake yanapogoma. Therion ina alama ya mahali kama hapo, alama ya kuuliza tu. Usiku ule nikafungua faili langu, nikaiweka kwenye ule ufa wa chini ambao sisi wawili tulishindwa kuupita.